Israeli na Kanisa katika Warumi 9–11: mzeituni mmoja au miti miwili? Tusome hatua kwa hatua

#1 Tertio (mleta mada)

Wakuu, amani kwenu.

Mada ya Israeli na Kanisa huwa inaharibika mapema. Mmoja anaanzia 1948, taifa la Israeli lilipotangazwa, mwingine anaanzia "hakuna Myahudi wala Myunani", na kabla hoja haijakaa sawa watu wameshaitana wazushi. Napendekeza uzi huu tuuanzie Warumi 9–11. Hapo ndipo swali hili linapewa sura tatu mfululizo, na kila kambi lazima ipite hapo, iwe ya theolojia ya agano (watu wa Mungu ni wamoja chini ya agano moja la neema), ya dispensesheni (Israeli na Kanisa ni makundi mawili tofauti) au ya Wakatoliki.

Tuanze kwa kuhesabu. Katika Kigiriki jina "Israeli" limo mara 11 ndani ya sura hizo: 9:6 mara mbili, 9:27 mara mbili, kisha 9:31, 10:19, 10:21, 11:2, 11:7, 11:25 na 11:26. (Ukilikuta 10:1, nakala yako inafuata maandishi ya baadaye, yale ya kale yana "kwa ajili yao".) Sasa chukua moja moja, ulize: hapa anasemwa nani? Kabla ya 11:26 hakuna hata mahali pamoja ambapo utalazimika kusoma "watu wa Mataifa walioamini".

Wengi wanakimbilia 9:6, "hawawi wote Waisraeli walio wa uzao wa Israeli". Lakini angalia Paulo anafanya nini pale. Anapunguza, haongezi. Anachora duara dogo ndani ya duara kubwa: Isaka si Ishmaeli, Yakobo si Esau. Ukiutumia mstari huo kuwaingiza Mataifa, umeugeuza nyuma mbele.

Halafu mzeituni wa 11:17–24. Biblia yetu ya Union inasema "shina", Kigiriki ni *riza*, yaani mzizi. Tofauti ni ndogo lakini inasaidia, kwa sababu mzizi uko chini, hauonekani, na ndio unaolisha mti mzima. Matawi yaliyokatwa ni "baadhi". Ya mzeituni mwitu yanaingizwa katikati ya yale yaliyobaki, na yaliyokatwa yanaweza kurudishwa kwenye mzeituni wao wenyewe. Mfano huo unafunga njia mbili kwa pamoja. Hakuna mti uliong'olewa ukapandwa mwingine, na huo ndio udhaifu wa theolojia ya mbadala, isemayo Kanisa limechukua nafasi ya Israeli. Wala hakuna miti miwili inayokua kando kwa kando, kila mmoja na hatima yake.

Na msijenge somo la kilimo hapa. Mkulima huchukua tawi la mti mzuri akalipandikiza kwenye mti mwitu. Paulo amepindua kwa makusudi, na mwenyewe anasema ni "kinyume cha asili" (11:24). Pale penye kinyume ndipo penye neema.

Karibuni.

#2 AganoMoja

Mkuu Tertio, umeanza vizuri, ila umeruka mistari inayokusumbua. Soma 9:24–26. Paulo anasema Mungu ametuita "si watu wa Wayahudi tu, ila na watu wa Mataifa pia", kisha anamleta Hosea: wale wasiokuwa watu wangu nitawaita watu wangu. Hosea alikuwa anazungumza na makabila ya kaskazini ya Israeli! Paulo amechukua ahadi ya Israeli na kuitumia kwa Mataifa bila kuomba radhi. Petro anafanya vilevile katika 1 Petro 2:9–10, tena akiongeza vyeo vya Kutoka 19: ukuhani wa kifalme, taifa takatifu.

Ongeza Wagalatia 3:16 na 3:29. Uzao wa Ibrahimu ni mmoja, ndiye Kristo, na aliye wa Kristo ni uzao wa Ibrahimu. Hatusemi Kanisa limemfukuza Israeli kwenye kiti chake. Tunasema Kristo ndiye Israeli mwaminifu, na aliye ndani yake, Myahudi au Myunani, anarithi pamoja naye. Neno "mbadala" tumebandikwa na wapinzani.

Halafu tazameni neno letu wenyewe. "Kanisa" limetufikia kupitia Kiarabu, na asili yake ni neno la Kiaramu la kusanyiko, lile lile ambalo Wayahudi walilitumia kwa sinagogi. Na Stefano katika Matendo 7:38 anasema Musa alikuwa "katika kanisa jangwani". Kigiriki ni *ekklesia*, neno ambalo Septuaginta (tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale) hulitumia mara nyingi kutafsiri *qahal*, mkutano wa Israeli. Anayesema Kanisa lilianza Pentekoste likiwa kitu kipya kabisa ana kazi ya kulieleza neno hilo.

Ungamo la Westminster (1646), tamko la imani la upande wetu, sura ya 7, limeliweka hivi: hakuna maagano mawili ya neema yaliyo tofauti kwa kiini, bali ni moja, lililotolewa kwa namna mbalimbali.

#3 Majuma70

Ndugu AganoMoja, Matendo 19:32 inaliita *ekklesia* hata lile kundi la ghasia la Efeso. Neno peke yake halibebi fundisho.

Mimi ni wa dispensesheni, na naomba tuelezwe kwa haki. John Nelson Darby aliyapanga mafundisho haya karne ya 19, Biblia ya Scofield ya 1909 ikayasambaza kwa maelezo yake ya chini ya ukurasa, na vile vipindi saba, kutoka Kutokuwa na Hatia mpaka Ufalme, ndivyo watu wanavyovijua. Lakini moyo wa fundisho si idadi ya vipindi. Charles Ryrie aliutaja mwaka 1965 kwa mambo matatu: Israeli na Kanisa ni tofauti, unabii usomwe kwa maana yake ya kawaida, na lengo la yote ni utukufu wa Mungu.

Hoja yangu kuu ni Yeremia 31. Agano jipya limeahidiwa "nyumba ya Israeli, na nyumba ya Yuda". Waebrania 8:8–12 inanukuu Yeremia 31:31–34, nukuu ndefu kuliko zote katika Agano Jipya. Sawa. Ila endelea na mistari inayofuata, 35 hadi 37: jua, mwezi na nyota zikikoma kuwa amri, ndipo uzao wa Israeli utakapoacha kuwa taifa. Jua limechomoza leo asubuhi. Ukiyafanya yote hayo kuwa ya Kanisa, umemfanya Mungu abadilishe mpokeaji wa ahadi baada ya kuapa. Kama anaweza kuwafanyia hivyo wao, wewe wa Mataifa unalalia ahadi gani?

Na Warumi 11:29 iko hapo hapo: karama za Mungu hazina majuto, wala mwito wake.

#4 Tertio

Majuma70, hoja ya Yeremia 31:35–37 ni nzito, siipunguzi. Lakini upande wenu una jeraha mahali hapo hapo. Lewis Sperry Chafer alipoona agano jipya ni la Israeli na bado Kanisa linakunywa kikombe cha "agano jipya katika damu yangu", alilazimika kufundisha maagano mapya mawili, moja la Israeli na jingine la Kanisa. Waebrania haijui mawili. Wengi wenu mmeshaliacha fundisho hilo, na Darrell Bock na Craig Blaising mwaka 1993 wakaandika wazi kwamba agano ni moja, limeshaanza, na Kanisa limo ndani yake, huku utimilifu wa Israeli ukisubiriwa. Mkifika hapo, kati yenu na mimi umebaki mwendo mfupi sana.

#5 Beroya

Jina la Majuma70 limenivuta. Naomba mtu aeleze hesabu ya Danieli 9 kwa tarakimu, maana wengi wanaitaja na wachache wanaionyesha.

#6 Majuma70

Juma moja hapa ni miaka saba. Majuma 7 na 62 ni 69. Mara 7 ni miaka 483. Mwaka wa kinabii ni siku 360, kwa kuwa Ufunuo 11:2–3 inalinganisha miezi 42 na siku 1,260. Kwa hiyo 483 × 360 = siku 173,880.

Robert Anderson, mwishoni mwa karne ya 19, alianzia 14 Machi 445 KK, mwaka wa ishirini wa Artashasta (Nehemia 2:1), akafika 6 Aprili 32 BK, Yesu akiingia Yerusalemu. Baadaye Harold Hoehner aliisahihisha: 5 Machi 444 KK mpaka 30 Machi 33 BK. Juma la 70 bado. Pengo liko kwenye maandishi yenyewe: 9:26 inataja kukatiliwa mbali kwa masihi na kuharibiwa kwa mji, na hilo la pili lilikuja mwaka 70 BK, zaidi ya miaka 30 baadaye. Halienei ndani ya miaka saba.

#7 AganoMoja

Hoja ya pengo naikubali kuwa swali halali. Hesabu ndiyo naikataa, na sababu ni hizi.

Miaka 445 KK hadi 32 BK ni 476, kwa kuwa hakuna mwaka sifuri. Anderson alipata 476 × 365 = 173,740, akaongeza siku 24 za Machi hadi Aprili, kisha 116 za miaka mirefu (yenye siku 366). Jumla 173,880. Ni nadhifu, lakini tarehe zake ni za kalenda ya Juliasi, na kwenye Juliasi kila mwaka wa nne ni mrefu bila kuruka, kwa hiyo zilipaswa kuwa 119. Siku tatu zimepotea, na hesabu iliyojivunia siku moja moja haiwezi kupoteza tatu. Hoehner naye alisogeza mwanzo na mwisho, kwa kuwa aliona tarehe zenyewe za Anderson hazisimami.

Tatizo kubwa ni zile siku 360. Wayahudi walifuata mwezi, na walikuwa wakiongeza mwezi wa 13 kila ulipohitajika ili Pasaka isitoke kwenye majira yake. Hakuna aliyeishi miaka 483 ya siku 360 bila marekebisho. Tumia miaka ya kawaida na uanzie amri ya Ezra 7, mwaka 458 KK: unafika 26 au 27 BK, karibu na ubatizo wa Yesu. Hapo huhitaji kalenda ya pekee.

#8 Mwanakatekesi

Ndugu zangu, naona mnazungumza Waprotestanti kwa Waprotestanti. Naomba niweke upande wa Katoliki kwa usahihi, maana mara nyingi unasemwa kwa kubahatisha.

*Nostra Aetate*, tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la 28 Oktoba 1965, aya ya 4, inasema Wayahudi wasionyeshwe kama waliokataliwa au kulaaniwa na Mungu, na inaegemea Warumi 11 hii hii. Hata hivyo aya hiyo hiyo inaliita Kanisa taifa jipya la Mungu. Katekisimu namba 674 inafungamanisha kuja kwa Kristo katika utukufu na kutambuliwa kwake na "Israeli wote". Na hati ya Vatikano ya Desemba 2015 inakataa makosa mawili: kwamba Kanisa limechukua nafasi ya Israeli, na kwamba kuna njia mbili za wokovu, Wayahudi bila Kristo na Mataifa kwa Kristo.

Hilo la pili lina watetezi wasomi. Krister Stendahl aligundua kwamba kuanzia 10:18 mpaka mwisho wa sura ya 11 Paulo halitaji jina la Yesu Kristo hata mara moja. Ni kweli, hesabuni. Lakini 11:23 inasema matawi yatapandikizwa tena "wasipokaa katika kutokuamini kwao", na imani iliyokosekana imeshatajwa 10:9: kukiri kwamba Yesu ni Bwana. Ukimya wa jina hauwezi kufuta sharti hilo.

#9 Tertio

Asante sana Mwanakatekesi. Sasa tuingie 11:26, kiini cha uzi.

Neno la kwanza ni *houtos*. Kwa kawaida maana yake ni "kwa namna hii", na Union imelipatia: "Hivyo". Haikuandika "ndipo". Anayehubiri "kisha Israeli wote wataokoka" ameongeza kisha isiyokuwepo. Hata hivyo "mpaka" ya 11:25 ina wakati ndani yake, kwa hiyo anayesema hakuna mambo ya baadaye hapa naye amezidisha.

"Israeli wote" ni nani? Calvin alisema ni watu wote wa Mungu, Wayahudi na Mataifa, na N. T. Wright anakwenda njia hiyo. Tatizo ni kwamba "Israeli" wa 11:25 ndio waliopatwa na ugumu, na 11:28 bado inatofautisha "wao" na "ninyi". Utabadilisha maana ya jina katikati ya sentensi moja, kisha uirudishe mstari wa pili yake?

O. Palmer Robertson anasema ni Wayahudi wateule wa vizazi vyote, wanaoingia kidogo kidogo. Nguvu yake ni 11:5, mabaki "wakati huu wa sasa". Lakini basi ile "siri" ya 11:25 iko wapi? Kwamba wateule wataokoka si siri kwa yeyote aliyesoma sura ya 8. Tena 11:12 na 11:15 zinaongea juu ya "utimilifu" wao na kurudishwa kwao kuwa kama uhai kutoka kwa wafu, jambo kubwa kuliko matone.

John Murray, mtu wa theolojia ya agano kabisa, alisoma hivi: sehemu kubwa ya Wayahudi watamgeukia Kristo, na "wote" si kila mtu mmoja mmoja. Ni kama 1 Wafalme 12:1 inavyosema Israeli wote walikwenda Shekemu. Hakuna anayedhani hakubaki mtu nyumbani. Nipo naye. Na AganoMoja, Katekisimu yenu Kubwa ya Westminster, swali la 191, inawafundisha mwombapo "Ufalme wako uje" muombe Wayahudi waitwe. Wazee wenu waliliamini hili kabla Darby hajazaliwa.

Jambo moja zaidi. Fungua Isaya 59:20: Mkombozi atakuja Sayuni. Septuaginta ina "kwa ajili ya Sayuni". Paulo anaandika "kutoka Sayuni". Huenda ameunganisha na Zaburi 14:7. Anayejenga ramani nzima ya Yesu kutua mlima fulani kwa kutumia mstari huu ajue kwamba kihusishi chenyewe kina sura tatu tofauti.

#10 Lidia

Mnaoruka ruka historia, msiruke hii. Yustino Mfiadini, karibu mwaka 160, katika majibizano yake na Myahudi aitwaye Trifo, aliwaita Wakristo Israeli wa kweli wa kiroho. Na mtu huyo huyo aliamini utawala wa miaka elfu Yerusalemu! Kwa hiyo kuamini miaka elfu hakumfanyi mtu kuwa wa dispensesheni. Ni mambo mawili.

Augustino alisoma Zaburi 59:11, "usiwaue", akafundisha Wayahudi waachwe hai wakiwa mashahidi waliotawanyika. Usomaji huo uliwakinga wasiuawe, lakini uliwafungia kwenye unyonge. Luther mwaka 1543 aliandika masinagogi yao yachomwe. Paulo alikuwa ameshaonya 11:18, usijisifu juu ya matawi yale, na 11:20, usijivune bali uogope. Onyo hilo halikuandikiwa Wayahudi. Liliandikwa kwa Kanisa la Mataifa huko Rumi, na Kanisa lilikosea hapo hapo lilipoonywa. Fundisho lolote la mada hii linalomwacha msikilizaji akimdharau Myahudi limeshashindwa mtihani wa sura yenyewe, hata kama Kigiriki chake ni safi.

#11 Beroya

Umesema kweli dada. Sasa lile ambalo kila mtu analizunguka: taifa la Israeli lililotangazwa 14 Mei 1948. Mwanzo 12:3 inatuagiza tuiunge mkono serikali yake kwa kila jambo?

#12 Majuma70

Hapana, na nasema hivyo nikiwa wa dispensesheni. Wenzangu wanaona kurudi huko kunalingana na Ezekieli 36:24–26, ambako watu wanakusanywa kwanza, kisha wananyunyiziwa maji na kupewa moyo mpya. Wapinzani wanaleta Kumbukumbu la Torati 30:1–3, ambako toba inatangulia na kurudi kunafuata. Mfuatano huo unabishaniwa kwa haki, na mimi nausoma wa Ezekieli.

Lakini hata uteule ukisimama, Amos 3:2 inasema: ninyi tu nimewajua, kwa sababu hiyo nitawapatiliza maovu yenu yote. Uteule unaongeza hesabu ya kutoa, hauifuti. Na wapenzi wa mipaka ya Ezekieli wasome mpaka 47:22–23, hapo hapo ardhi inapogawanywa: mgeni akaaye kati yenu apewe urithi pamoja na makabila. Sura ya mipaka ndiyo sura ya mgeni.

#13 AganoMoja

Kwa hilo nakupa mkono, ndugu. Naongeza tu kwamba Wagalatia 3:8 inaisoma Mwanzo 12:3 kama Injili iliyohubiriwa mapema, na Warumi 4:13 inapanua ahadi ya nchi kuwa "mrithi wa ulimwengu". Yoshua 21:43–45 inasema halikuanguka hata neno moja.

Nina swali kwako: hekalu la Ezekieli 40–48. Mkisema litajengwa na dhabihu kutolewa, mnajibu kwamba ni ukumbusho tu. Lakini 45:15 na 45:17 zinasema dhabihu hizo ni za kufanya upatanisho, na Waebrania 10:18 inasema ondoleo likiwapo hapana toleo tena kwa ajili ya dhambi. Usomaji wa "maana ya kawaida" unavunjika hapo.

#14 Majuma70

Hapo ndipo pagumu kwetu kuliko pote, sitaficha. Wengine wanajibu kwamba ni utakaso wa ibada kwa ajili ya mahali patakatifu, kama 43:20 inavyotakasa madhabahu, si kuondoa dhambi mbele za Mungu. Naona ni jibu bora kuliko la ukumbusho, ila lina kazi ngumu na 45:17, inayosema upatanisho ni kwa ajili ya nyumba ya Israeli.

#15 Beroya

La mwisho kwangu: Wagalatia 6:16, "naam, kwa Israeli wa Mungu". Si limeshamaliza ubishi? Kanisa limeitwa Israeli waziwazi.

#16 Tertio

Hiyo "naam" ni ya watafsiri, mkuu. Kigiriki kina *kai*, ambayo mara nyingi kabisa ni "na". Ukiweka "na", Paulo anawatakia amani wanaoenenda kwa kanuni hiyo, kisha rehema Israeli wa Mungu, yaani Wayahudi walioamini. Ukiweka "naam", makundi mawili yanakuwa moja. Sarufi inaruhusu yote mawili, ila matumizi ya kwanza ni ya kawaida zaidi. Tena sala ya Kiyahudi ya kusimama inafungwa kwa kuomba amani "juu yetu na juu ya Israeli wote watu wako", na hapo "na" ni na.

Upande wa pili, barua nzima ya Wagalatia inapigana na watu wanaotenga meza mbili, ya waliotahiriwa na ya wasiotahiriwa. Ni vigumu kuamini kwamba katika mstari wa kufungia Paulo anawatenganisha tena. Hii ndiyo hoja yenye uzito kwa "naam", na inatoka kwenye mwendo wa barua, si kwenye kiunganishi.

#17 AganoMoja

Nimeisoma hivyo miaka yote nikidhani "naam" iko kwenye Kigiriki. Bado nakaa upande huo kwa ile hoja ya meza moja, lakini sitautumia tena mstari huu peke yake.